Masomo ya Kujikinga kwa Watumishi wa Hospitali

(Hotuba ya Kamati ya Afya, iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Twajua ya kwamba wengi wenu mmetoka Kangemi, Uthiru, Waithaka na hata Dagoretti, nanyi mngependa kufika makwenu kabla ya giza. Kwa hiyo hatutakawia, ila pale ambapo jambo lenyewe litatudai kukawia.

Mwaka huu Kamati ya Afya ilipeleka ombi kwa Halmashauri, ya kwamba sehemu ya fedha za maslahi itumiwe kwa masomo ya jioni, ili wanachama wafanyao kazi katika hospitali na zahanati wafundishwe namna ya kujikinga na maradhi ya kuambukiza. Ombi hilo halikukataliwa, lakini halikupokewa kwa furaha. Mzee wetu mmoja alituuliza, "Watu wa hospitali si ndio wanaotufundisha sisi? Nasi tuwafundishe nini?" Swali hilo ni la haki. Hotuba yetu yote ni jibu lake.

Kwanza, na tutazame ni nani huyo mtu wa hospitali. Daktari na muuguzi wamesoma vyuoni miaka mingi. Lakini fungueni daftari la wanachama wetu, mtaona wauguzi wachache tu, na baada yao wafagizi, madobi, wapishi, wachukuzi wa wagonjwa, madereva wa ambulansi, walinzi wa lango na wahudumu wa chumba cha maiti. Kila alfajiri hutoka Kawangware, Riruta na Kangemi, wengine kwa matatu na wengine kwa miguu, wakaenda Hospitali ya Kenyatta, Mbagathi, hospitali za watu binafsi za Westlands na Parklands, na zahanati zilizo katikati ya mji. Wengi wameajiriwa na makampuni ya usafi kwa malipo ya siku. Siku ya kwanza ya kazi mtu huonyeshwa ndoo, fagio na mlango wa wodi, basi. Jioni hurudi katika chumba kimoja walalamo watoto, na pengine nyanya yao mzee. Ugonjwa aliouchukua wodini saa nne asubuhi hufika kitandani mwa mtoto usiku ule ule.

Wazee wanakumbuka mwaka 2020. Tarehe 13 Machi Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona katika nchi yetu. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, na tarehe 6 Aprili Nairobi na viunga vyake vikafungwa, asiingie mtu wala asitoke bila ruhusa. Wagonjwa wa mwanzo walipelekwa Mbagathi, ambayo baadhi ya wazee bado huiita I.D.H., kwa kuwa ilijengwa katika miaka ya 1950 iwe hospitali ya maradhi ya kuambukiza. Mazishi yakaamriwa yasihudhuriwe na watu zaidi ya 15. Chama chetu, ambacho kazi yake ya asili ni kusindikiza maiti hadi nyumbani, kikajikuta hakiwezi kusindikiza. Hatuna haja ya kueleza uchungu wa siku zile kwa watu waliouonja.

Yaliyotendeka ndani ya wodi yanajulikana kwa wachache zaidi. Tarehe 10 Julai 2020 alifariki Dkt. Doreen Lugaliki, daktari wa akina mama hapa Nairobi, naye ndiye daktari wa kwanza wa Kenya aliyetangazwa kufa kwa Korona. Mwezi Desemba mwaka huo wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma, kisha madaktari nao wakagoma, na miongoni mwa madai yao yalikuwamo vifaa vya kujikinga na bima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 watumishi wa afya wapatao 115,000 walikufa kwa ugonjwa huo ulimwenguni kote. Hiyo ni makadirio, kwa maana nchi nyingi hazikuwahesabu watu wao vizuri. Na popote ambapo mfagizi wa kampuni hahesabiwi kuwa mtumishi wa afya, kifo chake hakimo katika daftari lolote.

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yetu. Katika siku zile vifaa vilipokuja hatimaye, watu wengi walivishwa bila kuelezwa. Tutatoa mfano wa glavu, maana ni kitu kidogo na kila mtu amekiona.

Mwanachama wetu mmoja, mfagizi katika hospitali moja ambayo hatutaitaja, alipewa jozi moja ya glavu asubuhi akaivaa mpaka jioni. Aliamini ya kwamba maadamu mpira umefunika vidole yu salama. Kwa glavu hizo alifuta sakafu chini ya mgonjwa, akafungua mlango, akasukuma kitanda cha mgonjwa wa pili, akajibu simu, akasawazisha barakoa usoni. Hakuna aliyemkataza, kwa sababu aliyekuwa juu yake naye aliridhika kuona glavu. Lakini kijidudu hushika mpira kama kishikavyo ngozi. Glavu chafu huchukua ugonjwa kutoka kitanda hadi kitanda kwa wepesi kuliko mkono mtupu, kwa kuwa mwenye mkono mtupu huuona uchafu wake akaenda kunawa, na mwenye glavu hujiona amekwisha kunawa. Glavu ni za kazi moja na mgonjwa mmoja. Zikivuliwa hutupwa, na mikono hunawiwa hata kama glavu hazikutoboka.

Na kuvua ni kazi ngumu kuliko kuvaa. Mtu akitoka katika chumba cha wagonjwa, upande wa nje wa mavazi yake ndio wenye hatari, na mikono yake imechoka, na joto limemzidi, naye ataka kuvua upesi apumue. Ndipo anapojichafua. Mpango unaofundishwa ni kuvua glavu kwanza, kisha koti kwa kulikunja ndani-nje, kunawa, kuvua kinga ya macho kwa kuishika nyuma, na mwisho kabisa barakoa kwa kushika kamba zake pasipo kugusa uso wake wa mbele, halafu kunawa tena. Twaweza kuusema mpango huu kwa dakika moja, lakini mikono haiujui mpaka iwe imeufanya mara ishirini mbele ya mtu wa kuisahihisha. Ndiyo sababu twaomba masomo, wala hatukuomba karatasi za kubandika ukutani.

Wazee wetu, huenda mmoja wenu akasema ya kwamba haya ni mambo ya wasiosoma. Hapana. Hapo Gulu, nchini Uganda, katika hospitali ya Lacor, mwezi Oktoba mwaka 2000 wanafunzi wa uuguzi walianza kufa kwa ugonjwa usiojulikana. Daktari mkuu wa hospitali, Dkt. Matthew Lukwiya, alikuwa masomoni Kampala, aliitwa akarudi. Usiku alikaa akisoma taarifa za wagonjwa, na kitabu cha maagizo ya kujikinga na homa za kutoka damu katika hospitali za Afrika. Kutokana na kusoma huko aliushuku Ebola, akatenga wodi, akawafundisha watu wake kuvaa na kuvua, na haya yote aliyatenda kabla ya jibu la maabara kurudi kutoka Afrika Kusini. Ugonjwa ule uliwapata watu 425 na kuua 224. Wajuao habari ile husema ya kwamba kama asingeharakisha, hesabu ingekuwa kubwa mno.

Lakini wauguzi wake waliendelea kuanguka. Ndipo usiku mmoja mwuguzi aliyekuwa mgonjwa alipozidiwa, akitokwa na damu, na Dkt. Lukwiya akaitwa kitandani. Alivaa barakoa, koti na glavu, macho hakuyafunika. Inaaminiwa ya kwamba ndipo alipoambukizwa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43. Aliyewafundisha wengine ndiye aliyekosa kitu kimoja usiku mmoja, kwa haraka ya huruma. Twamtaja kwa heshima kubwa, nasi twamtaja kwa sababu maisha yake yaonyesha pande mbili za elimu hii: kusoma kulikookoa mji mzima, na mazoea ya mwili yapasayo kuwapo hata pale ambapo moyo umeshikwa na haraka. Laiti pangekuwapo mlangoni usiku ule mtu wa kusema, "Daktari, macho."

Jambo hili la kumwambia mkubwa ni zito kwetu, kwa maana tumelelewa kutomsahihisha aliyetuzidi. Lakini historia ya kunawa mikono yenyewe ilianza kwa makosa ya wakubwa. Mwaka 1847, katika mji wa Vienna, Dkt. Ignaz Semmelweis aliona ya kwamba akina mama waliozalishwa na madaktari walikufa zaidi kuliko waliozalishwa na wakunga, kwa kuwa madaktari walitoka kupasua maiti wakaingia moja kwa moja kwa wazazi. Alipoamuru wanawe kwa maji ya klorini, vifo vilishuka kutoka karibu 18 katika kila mia hadi karibu 2 katika muda wa miezi michache. Wenzake wengi walikasirika kuambiwa mikono yao ni michafu. Tukifundisha, tutafundisha pia maneno ya adabu ambayo mfagizi aweza kumwambia daktari, na daktari asione ametukanwa.

Sasa habari ya dawa ya klorini, ambayo katika nyumba zetu huitwa Jik. Hapa ndipo tulipoona hatari kubwa kuliko pengine pote, na ni hatari ya kutosoma tarakimu. Katika kikao chetu cha mwezi Mei tuliwauliza wafagizi kumi na mmoja namna wanavyochanganya. Tulipata majibu kumi na mmoja. Mmoja alitia "mpaka ianze kunukia". Ukweli ni kwamba chupa huwa na kibandiko kinachotaja nguvu ya dawa, na mtu hana budi kukisoma kwanza. Ikiwa nguvu ni asilimia 3.5, basi sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 6 za maji hutoa asilimia 0.5, ambayo yafaa damu na matapishi yaliyomwagika. Kwa meza na vitasa vya milango asilimia 0.1 yatosha, yaani sehemu 1 kwa sehemu 34. Ikizidi huchoma ngozi na macho na kuumiza kifua cha anayefagia. Ikipungua haiui kitu. Uchafu huondolewa kwanza kwa maji na sabuni, kwa kuwa uchafu huimaliza nguvu dawa. Kisha dawa huachwa dakika 10 kabla ya kufutwa. Ichanganywe upya kila siku. Wala isichanganywe kamwe na dawa nyingine za vyooni, hasa zenye asidi, maana hutoa hewa ya sumu. Hesabu hii ya sehemu ni ya darasa la tano au la sita. Mtu aliyeacha shule mapema aweza kuijua kwa kopo na ndoo katika nusu saa, akiifundishwa kwa lugha anayoifahamu.

Katika mwaka 2020 tuliona pia kinyume chake, yaani dawa nyingi mahali pasipohitaji. Watu walinyunyiziwa dawa mwilini wakipita katika vijumba vya mlangoni, mpaka Shirika la Afya Duniani likaonya mwezi Mei mwaka huo ya kwamba kumnyunyizia mtu si salama. Wakati huo huo madirisha yalifungwa. Mwanzoni wataalamu walisisitiza matone mazito yaangukayo karibu na mgonjwa, na vitu vilivyoguswa. Baadaye ikakubaliwa ya kwamba ugonjwa huelea hewani pia, hasa katika vyumba visivyopitiwa na upepo. Sasa fikirini zahanati ndogo ya Kangemi katika baridi ya mwezi Julai: benchi limejaa, mlango umerudishwa, dirisha limezibwa kwa gazeti. Kifua kikuu kimeenea katika vyumba vya namna hiyo miaka na miaka kabla ya Korona, nacho hakijatoka. Kufungua dirisha hakuhitaji fedha. Kwahitaji mtu anayejua kwa nini lifunguliwe, ili akinung'unikiwa na wanaosikia baridi aweze kuwaeleza.

Mambo ya sindano twayapita upesi, ijapokuwa si madogo. Adungwaye na sindano iliyotumika aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji, atoe taarifa saa ile ile, aanze dawa za kuzuia virusi vya ukimwi kabla ya saa 72 kupita, na azitumie siku 28 bila kukatiza. Na kila mtumishi wa hospitali, pamoja na dobi, aulizie chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo hutolewa mara tatu. Wengi wa wanachama wetu hawajapata hata moja, kwa kuwa walidhani ni ya wauguzi tu. Kuhusu chanjo ya Korona, dozi za kwanza zaidi ya milioni moja zilifika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta tarehe 3 Machi 2021, na siku mbili baadaye chanjo ikaanza katika Hospitali ya Kenyatta, watumishi wa afya wakitangulizwa. Hata hivyo uvumi uliingia mpaka vyumba vya wauguzi, na watu wenye vyeti waliamini ujumbe uliotumwa kwa simu na mtu wasiyemjua. Kupima habari, kuuliza imetoka wapi na nani aithibitisha, nako ni sehemu ya elimu ya afya.

Tumesema lugha. Katiba yetu ya mwaka 2010 imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake habari, maagizo na mafunzo ya kuwalinda, pamoja na vifaa. Lakini tembeleeni wodi na msome kuta: maagizo mengi ni ya Kiingereza cha madaktari, yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, yakiwekwa juu ya sinki mahali ambapo maji huyalowesha. Maagizo ya namna hiyo hayakuandikwa kwa ajili ya yule ashikaye ndoo.

Hatutawadanganya, Wazee wetu, kwa kusema ya kwamba masomo peke yake yatatosha. Mtu hawezi kunawa kwa bomba kavu. Na kwetu Kawangware, ambako maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, twajua bomba kavu ni nini. Vile vile mfagizi alipwaye kwa siku akishikwa na homa huenda kazini, si kwa ujinga bali kwa sababu akibaki nyumbani watoto hawatakula. Anajua ya kwamba atawaambukiza wagonjwa. Hapo hana haja ya mwalimu. Ana haja ya malipo ya siku ya ugonjwa. Kamati yaomba Halmashauri ifikirie mkopo mdogo wa siku tatu au nne, usio na faida, kwa mwanachama wa hospitali aliyeamriwa kubaki nyumbani. Tumezungumza na Mweka Hazina, naye hakufurahi. Lakini hakusema haiwezekani.

Na kuna jambo moja linalotuhusu sisi sote tulio katika chumba hiki. Mwaka 2020 wanachama wetu wawili waliofanya kazi katika wodi za Korona waliambiwa na wenye nyumba wahame. Majirani waliwakataza watoto wao kucheza na wa kwao. Mmoja alianza kuvaa nguo za kawaida njiani na kuficha kitambulisho cha kazi, na askari wa kafyu wakamsimamisha usiku akashindwa kujieleza upesi. Watu hawa walikuwa wakiwatumikia wagonjwa wa mji mzima. Hatutaki kuulizana leo nani alisema nini katika ploti gani. Lakini mtumishi anayeogopa kujulikana huficha pia anapougua, na anapoficha, elimu yote tuliyoitaja haina nafasi ya kufanya kazi.

Mwezi Mei mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya Korona. Hapa Kenya vifo vilivyothibitishwa vilikuwa zaidi ya 5,600. Wengine walisema, imekwisha. Mwezi Julai mwaka uliofuata ugonjwa wa mpoksi ulithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza, kule Taita Taveta. Hatujui ugonjwa ujao utaitwaje, lakini twajua ya kwamba utapitia mikono ile ile na milango ile ile, na kwamba mwenye kufuta vitasa vya milango hiyo ni mwanachama wetu.

Basi ombi letu ni hili. Tupewe ukumbi huu jioni za Jumanne na Alhamisi kwa muda wa wiki sita. Kila darasa liwe na watu 20, wala wasizidi, ili kila mmoja aonekane mikono yake. Walimu watakuwa wauguzi wanachama, nao wamekubali kufundisha bila malipo. Lugha itakuwa Kiswahili. Fedha tunazoziomba ni za mitungi miwili ya bomba, ndoo, sabuni, Jik, makoti ya kujifunzia, na glavu za kutosha kuvaliwa na kutupwa, kwa maana hatuwezi kumfundisha mtu kutupa glavu huku tukimwambia aitunze. Twawaomba pia wazee wawili au watatu wahudhurie jioni ya kwanza, hata kama hawajawahi kufanya kazi hospitalini, ili vijana waone ya kwamba jambo hili ni la Chama wala si la Kamati peke yake.

Majina yatapokelewa na Katibu mpaka mwisho wa mwezi. Asiyeweza kuandika aje tu, ataandikiwa.